Mji Ulioacha Uwanja Katikati

Mhadhara uliotolewa Nyahanga, Kahama

Wazee wangu, mama zangu, ndugu zangu, na ninyi wadogo zangu mliokuja moja kwa moja kutoka kwenye makarasha, vumbi la mawe likiwa bado mabegani, nashukuru mmefika. Najua wengine mmekuja kwa sababu mlisikia kwamba mwalimu atazungumza habari za dhahabu. Dhahabu imo, tena nyingi. Lakini nimekuja hasa kuwaeleza habari za mji mmoja: ulijengwaje, ulipataje utajiri wake, na kwa nini kijana niliyekwenda naye aliinama makaburini, akaokota jiwe, akaniambia maneno ambayo hadi leo hayajanitoka.

Nilipotangaza kwamba nitazungumza juu ya magofu ya mji wa kale, wapo walionijia wakiuliza kama nilikwenda Roma. Wana sababu ya kuuliza. Tangu shuleni, neno magofu lilitujia pamoja na picha ya nguzo za marumaru na majina ya watawala wa Kirumi. Na ni kweli, Warumi walijenga hadi huku Afrika. Algeria kuna Timgad, mji ambao mtawala Trajan aliuanzisha mwaka 100 baada ya Kristo, mitaa yake imenyooka kama mistari ya daftari. Libya kuna Leptis Magna. Nitawarudia Warumi baadaye, kwa sababu nao walichimba dhahabu, na kuna karatasi yao moja, au tuseme ubao wao mmoja, unaotuhusu sana sisi wa Nyahanga. Ila mji nilioufuata mimi uko Tanzania hii hii, wilaya ya Kilwa, mkoa wa Lindi. Unaitwa Songo Mnara.

Kilwa Kisiwani mnaijua. Imo katika vitabu vya historia vya watoto wetu. Songo Mnara ni jirani yake wa kusini, ng'ambo ya maji, na ingawa visiwa hivyo viwili viliingizwa pamoja katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, cha pili hutajwa kwa nusu sentensi tu. Nimefundisha historia kwa miaka mingi nikiitamka hiyo nusu sentensi bila kujua nilichokuwa nikikitamka. Hilo ndilo lililonitoa nyumbani.

Kutoka hapa ni safari ya kuivuka nchi. Tulipanda basi Kahama alfajiri, mimi na mdogo wangu, mtoto wa baba yangu mdogo, ambaye wengi wenu mmefanya naye kazi maduarani, kwenye mashimo yetu ya dhahabu. Tukapita Nzega, Igunga, Singida, Dodoma, Morogoro, tukalala Dar es Salaam. Kesho yake tukashika njia ya kusini kupitia Mkuranga na Kibiti, tukauvuka Rufiji kwa Daraja la Mkapa. Pale darajani nilimwomba mdogo wangu atazame upande wa bahari. Mfanyabiashara mmoja wa karne ya 1, mtu wa Misri iliyokuwa chini ya Warumi, aliandika kwa Kigiriki kitabu cha kuwaongoza mabaharia, na katika pwani yetu akataja soko la mwisho kabisa alilolijua, liitwalo Rhapta. Huko, anasema, zilipatikana pembe za ndovu, pembe za vifaru na magamba ya kasa. Mahali lilipokuwa soko hilo hapajathibitishwa, lakini Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amefukua shanga za kioo za zama za Kirumi katika ukanda huo wa Rufiji. Kwa hiyo Warumi tulikutana nao njiani, kwa shanga zao. Mdogo wangu alitazama mto ule mpana wa rangi ya udongo, akasema tu, "Maji yote haya." Mtu wa Kahama anayajua maji kwa kuyakosa.

Tukafika njia panda ya Nangurukuru, ambako barabara kubwa inaendelea Lindi na nyingine inakata kushoto kuelekea Kilwa Masoko. Masoko unachukua kibali, unatafuta boti, na unangoja. Nahodha wetu, mzee wa makamo, aliitazama bahari akasema maji hayajajaa.

"Shikamoo, nahodha," nikamwambia. "Tutangoja hadi saa ngapi?"

"Marahaba. Mtangoja hadi maji yaseme. Mnatokea wapi?"

"Kahama."

"Kahama ya dhahabu?" Akageuka kututazama vizuri. "Basi mnakwenda kuona dhahabu yenu ilikoishia."

Nilimweleza, kwa heshima, kwamba dhahabu iliyoitajirisha Kilwa haikutoka kwetu. Ilichimbwa katika nyanda za juu za nchi tunayoiita leo Zimbabwe. Ilibebwa kwa miguu hadi bandari ya Sofala, katika pwani ya Msumbiji ya leo, ikapakiwa majahazini hadi Kilwa, na kutoka Kilwa ikavushwa kwenda Uarabuni, Uajemi na India. Nahodha akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Waliochimba si walikuwa watu wa bara kama ninyi?" Sikuwa na la kumjibu.

Watu wa Kilwa waliijuaje Sofala? João de Barros, mwanahistoria wa Kireno wa karne ya 16, aliandika kisa kinachopendeza. Mtu mmoja wa Kilwa alikuwa akivua samaki karibu na mlango wa bandari. Ndoana ikashika samaki mkubwa mno, akamvuta na chombo chake hadi bahari kuu, na mikondo ikamchukua kusini hadi Sofala. Huko akakuta jahazi la Mogadishu likinunua dhahabu. Akarudi kwao akamweleza sultani, na Kilwa ikaingia katika biashara ile. Mimi nakipenda kisa hiki kwa sababu kinafanana na visa vyetu vyote vya mwanzo wa duara: mtu alikuwa akitafuta mbuzi aliyepotea, mtu alikuwa akichimba choo, mwingine alikuwa akilima. Dhahabu hupenda kusimuliwa kama bahati ya mtu asiyeitafuta.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta, mzaliwa wa Tangier kule Morocco, alifika Kilwa. Sultani alikuwa al-Hasan bin Sulaiman, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib, baba wa vipaji, kwa jinsi alivyokuwa mtoaji. Ibn Battuta alisikia huko habari za Sofala na dhahabu ya vumbi inayoletwa kutoka bara, mwendo wa mwezi mzima. Jumba la sultani huyo, Husuni Kubwa, bado mtu anaweza kuliingia, vyumba vyake vikizidi mia moja, na birika lake la pembe nane likitazama bahari. Alipiga sarafu pia. Masultani wengi wa Kilwa walipiga sarafu za shaba, ndogo kama kifungo cha shati: upande mmoja jina la sultani, upande wa pili maneno ya kumtukuza Mungu, na maneno ya pande hizo mbili yana vina. Fikirini, pesa yenye vina, inayopita sokoni mkononi mwa mwanamke anayenunua samaki. Moja ya sarafu za al-Hasan bin Sulaiman imepatikana Zimbabwe Kuu, katika yale magofu makubwa ya mawe, ndani kabisa ya bara. Nyingine za Kilwa ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na askari aliyewekwa huko wakati wa vita.

Kisha wakaja Wareno. Mwaka 1502 Vasco da Gama aliilazimisha Kilwa itoe kodi ya dhahabu kwa mfalme wa Ureno. Dhahabu hiyo haikupotea. Waumini wa Kanisa Katoliki mliopo hapa mnakijua chombo cha kuonyeshea Ekaristi Takatifu wakati wa kuabudu. Mfalme Manuel aliagiza chombo cha namna hiyo kifuliwe kwa dhahabu ya Kilwa, na fundi Gil Vicente akakikamilisha mwaka 1506. Kinaitwa chombo cha Belém, na kimo hadi leo katika Jumba la Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale mjini Lisbon. Mwaka mmoja kabla hakijakamilika, Julai 1505, meli za Francisco de Almeida zilikuwa zimeuvamia mji wa Kilwa na kuupora. Anayetaka kuiona dhahabu ya Kilwa kwa macho, aende Ureno. Kilwa kwenyewe na Songo Mnara atakuta mawe.

Na mawe hayo ndiyo niliyokwenda kuyaona.

Maji yalipojaa tukaondoka. Boti ilipita ubavuni mwa Kilwa Kisiwani, msikiti mkuu na boma la Gereza vikionekana, tukaendelea kusini hadi mikoko ikaanza kutukaribia kila upande. Bandari hakuna. Unashuka, unakunja suruali, unatembea katika tope na maji ya magoti katikati ya mizizi ya mikoko. Wanawake wawili waliokuwa wakiokota chaza walitusalimu bila kunyanyua migongo. Ukitoka kwenye mikoko unaingia kwenye vichaka na mibuyu, na ghafla unatambua kwamba ulichodhani ni mwamba ni ukuta, na kwamba tayari uko ndani ya mji.

Songo Mnara ulijengwa mwishoni mwa karne ya 14, Kilwa ikiwa bado na nguvu, na ukaachwa mwanzoni mwa karne ya 16. Maisha yake hayakupita sana karne moja na nusu. Ndiyo maana wataalamu wanaupenda: miji mingine ya pwani imejengwa na kujengwa tena juu ya yenyewe hadi huwezi kutenganisha tabaka na tabaka, lakini huu ulisimama, ukakaliwa, ukaachwa. Unauona kama ulivyopangwa. Kuna misikiti mitano, jumba kubwa la kitawala, makumi ya nyumba za mawe, na ukuta wa mji.

Nitakaa kidogo kwenye nyumba, kwa kuwa hapo ndipo mdogo wangu alipoacha kuwa mgeni.

Nyumba zimejengwa kwa matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe imechomwa kutoka matumbawe hayo hayo, juu ya rundo kubwa la kuni. Miimo na matao ya milango yamechongwa kutoka tumbawe laini linalokatwa baharini likiwa bado bichi, kwa sababu likikauka linakuwa gumu na kisu hakiliwezi tena. Mbele ya nyumba kubwa kuna ngazi ndefu, pana kama nyumba yenyewe. Unapanda, unavuka mlango, unashuka kwenye ua uliozama kidogo, wenye kingo za kukalia. Nyuma ya ua kuna chumba kirefu, nyuma yake kingine, na kingine, kila kimoja kikiwa cha siri kuliko kilichotangulia. Kutani kuna vishubaka vya kuwekea taa na vyombo. Kuna vyoo vya ndani, vilivyojengwa vizuri kiasi kwamba niliwaza mitaa yetu kadhaa ya leo na nikaona haya.

Vyumba vyote ni vyembamba. Virefu lakini vyembamba. Nilikuwa nimesoma sababu yake na nilijiandaa kuieleza, lakini mdogo wangu alinyoosha mikono, akapima ukuta hadi ukuta, akatazama juu ambapo dari ilikuwa, akasema, "Urefu wa mti." Nikamuuliza anamaanisha nini. "Waliezeka kwa miti ya ile mikoko. Mti una urefu wake, ukizidisha upana, unakatika. Ni kama matimba. Huwezi kupanua duara kuliko matimba yako." Ndivyo ilivyo hasa. Boriti za mikoko ndizo zilizoamua upana wa vyumba katika pwani nzima. Mtu ambaye miaka yake kumi imepita akiitegemeza ardhi kwa magogo isimwangukie, alilisoma gofu lile kwa dakika moja.

Tangu mwaka 2009 wataalamu Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, pamoja na wenzao wa Tanzania, walifanya kazi ya miaka mingi katika mji huu. Ninyi mlioona wapimaji wa makampuni wakitembea porini na vyombo vya kupima usumaku wa ardhi kutafuta miamba yenye dhahabu, jueni kwamba watafiti hawa walitembea na vyombo vya namna hiyo juu ya nyasi za Songo Mnara. Walichotafuta ni nyumba za miti na udongo, ambazo hazionekani tena kwa macho. Walizipata. Kumbe katikati ya mawe yale waliishi pia watu wa fito na udongo, ndani ya ukuta ule ule. Hakuna kitabu cha darasani nilichotumia kilichoniambia hivyo. Vyote vilitaja mawe tu, kana kwamba Mswahili wa kale alikuwa ni mtu mwenye jumba.

Kisha tukatoka nje ya nyumba tukaingia uwanjani.

Sijui niueleze vipi uwanja huu. Mji ulikuwa ndani ya ukuta, na ardhi ndani ya ukuta ina thamani. Watu walikuwa na mali. Wangeweza kujenga hadi katikati. Hawakujenga. Waliacha eneo kubwa wazi, na nyumba zikajipanga kando kando yake. Ndani ya uwazi huo kuna msikiti mdogo, kisima, na makaburi, mengine yamezungushiwa kuta nadhifu za mawe. Watafiti walipouchimba na kuupima udongo wake hawakukuta magofu yaliyoporomoka wala sehemu iliyosahauliwa. Uwanja uliachwa kwa makusudi tangu mji ulipopangwa, na ukatunzwa wazi kizazi baada ya kizazi. Watu walipita hapo, walifanya kazi zao hapo, na wafu wao waliwaweka hapo hapo, katikati ya mji, wanapoonekana kila siku.

Kwenye makaburi hayo watafiti walikuta sarafu za Kilwa, zile zenye vina, zimeachwa pembeni mwa kaburi kama sadaka au kumbukumbu. Na pamoja nazo, vijiwe vyeupe.

Sikuwa nimemwambia mdogo wangu habari ya vijiwe. Alikuwa akitembea mbele yangu, taratibu, kama anavyotembea akiwa porini anatafuta mbale. Akasimama. Akainama karibu na kaburi moja, akaokota kitu, akakigeuza kwenye mwanga, akalowesha kidole kwa mate akakipangusa.

"Kaka," akasema, "hili si la hapa."

Nikakaribia. Lilikuwa jiwe dogo jeupe, laini, linalong'aa. Kwatzi.

"Kisiwa chote hiki ni matumbawe na mchanga," akaendelea. "Nimetazama tangu tushuke. Hili limetoka bara, limebiringishwa na mto. Kuna mtu alilileta." Akakaa kimya kidogo, kisha akasema maneno yale niliyowaahidi: "Hili kwetu tungeliponda."

Mnaelewa alichokisema. Jiwe jeupe la kwatzi hapa kwetu ni makao ya dhahabu. Tunaliteremkia futi mia, tunalipandisha kwa kamba, tunalitia kwenye karasha hadi liwe unga, unga tunauosha mwaloni, tunautia zebaki, na kinachobaki tunakiita marudio. Sijui jiwe jeupe lililopona mikononi mwetu. Na hawa, watu walioishi kwa biashara ya dhahabu kuliko sisi, watu ambao dhahabu ya nchi nzima ilipita bandarini kwao, walichukua jiwe lile lile wakaliweka juu ya kaburi la mama yao.

Kiongozi wetu wa kijijini alikuja akatukumbusha, kwa upole, kwamba hakuna kinachotoka pale. Mdogo wangu alikuwa tayari amelirudisha, upande ule ule lilikokuwa limelalia.

Wadogo zangu, si nia yangu kuwasifu watu wa kale kupita kiasi. Mji ule ulikuwa na matajiri na walalahoi, na biashara ya bahari ile ilibeba pia watumwa. Nawaeleza kwa sababu ya nahodha. Swali lake lilinifuata: waliochimba si walikuwa watu wa bara kama ninyi?

Hapa nawarudia Warumi. Katika milima ya Romania kuna mahali panapoitwa Roșia Montană. Zamani za Warumi paliitwa Alburnus Maior, mji wa wachimba dhahabu, ambao sidhani umewahi kutajwa katika darasa lolote la Tanzania. Trajan yule yule wa Timgad aliiteka nchi ile mwaka 106, na dhahabu yake ilikuwa moja ya sababu. Wachimbaji wa baadaye, katika karne ya 18 na ya 19, walikuta katika mashimo ya kale mbao ndogo zilizopakwa nta na kuandikwa kwa ncha ya chuma. Moja ni mkataba wa kazi wa tarehe 20 Mei mwaka 164. Mchimbaji anaitwa Memmius, mwana wa Asclepius. Amekubali kufanya kazi ya dhahabu hadi katikati ya Novemba kwa denari 70 na chakula. Ameandikiwa na mtu mwingine, maana, ubao unasema, yeye mwenyewe alikiri kwamba hajui kusoma wala kuandika. Na kuna kifungu kuhusu maji: mgodi ukifurika na kazi ikasimama, malipo yatapunguzwa kwa kiasi hicho.

Niliposoma kifungu hicho mara ya kwanza nilikifunga kitabu nikatoka nje. Nani hapa hajawahi kukatwa siku zake kwa sababu duara limejaa maji? Memmius alikandamizwa, mkataba ule ulimpendelea tajiri. Lakini jina lake tunalo. Jina la baba yake tunalo. Tunajua alianza kazi siku gani.

Waliochimba dhahabu ya Kilwa hatuna jina hata moja lao. Wataalamu waliochunguza mashimo ya kale ya Zimbabwe walikuta mifupa ya watu waliofukiwa na ardhi, wanawake wakiwamo, maana mashimo yalikuwa membamba na mwenye umbo dogo ndiye aliyeteremka. Masultani wana sarafu zenye vina zinazoyataja majina yao hadi Australia. Gil Vicente ana chombo chake Lisbon. Aliyeiteremkia dhahabu yenyewe ana mifupa, basi.

Sasa nitazame kwetu, na nitasema kwa uchungu kwa sababu ni kwetu. Rashi mnazijua. Tetesi inatoka jioni, wiki haijaisha msitu umejaa maturubai, mama ntilie wameshabandika masufuria, kuna video, kuna duka la dawa, kuna mtaa wenye jina. Mwaka mmoja, pengine miwili. Kisha dhahabu inakata, na watu wanang'oa maturubai wanafuata tetesi nyingine. Mimi nimerudi katika sehemu moja ya namna hiyo miaka sita baada ya watu kuondoka. Nilikuta maduara yamebaki wazi, nyasi zimeyafunika midomo. Ng'ombe wa jirani yetu alikuwa ametumbukia katika moja wiki hiyo. Nilijua kwamba watu wanne walifukiwa pale, niliwafahamu wawili. Nilitafuta nianzie wapi kuonyesha mahali. Hapakuwa na alama yoyote, wala jiwe.

Migodi mikubwa nayo ina umri wake. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na watu wa huko waliishi miaka mingi ya ukimya kabla mgodi mpya haujaanza mwaka 2000. Buzwagi, mlangoni petu hapa, ulizinduliwa mwaka 2009, uchimbaji ukakoma, na leo hii eneo lake limegeuzwa ukanda maalumu wa kiuchumi. Mtoto aliyezaliwa Nyahanga mwaka mgodi huo ulipofunguliwa hata hajafikisha miaka ishirini. Songo Mnara, ambao ninauita mji wa maisha mafupi, uliishi zaidi ya karne.

Siwaambii tuache kuchimba. Nimesomeshwa na dhahabu. Baba yangu aliuza mchele kwa wachimbaji na ada yangu ikatoka humo. Ninachotaka, na nimekifikiria tangu siku ile uwanjani, ni vitu viwili ambavyo tunaweza kuvianza bila kungoja mtu.

Kwanza, majina. Kila kikundi cha wachimbaji kiwe na daftari. Duara namba fulani, lilianza mwaka fulani, waliolichimba ni fulani na fulani, mtoto wa fulani, wa kijiji fulani. Na kama ardhi ilimchukua mtu, siku na mahali. Asiyejua kuandika aandikiwe, kama Memmius alivyoandikiwa. Mimi nimekwisha nunua daftari la kwanza, na majina ya wale wanne nimeyaandika. Mawili niliyajua, mawili nilisaidiwa na mama mmoja aliyekuwa akiwapikia.

Pili, uwanja. Mji wetu unakua. Nyasubi, Nyihogo, Malunga, Mhongolo, kila mahali viwanja vinapimwa na kuuzwa, na eneo lililo wazi tunaliona kama eneo lililochelewa kuuzwa. Sehemu niliyochezea mpira hapa Nyahanga sasa ni fremu za maduka. Watu wa Songo Mnara walikuwa na kila sababu ya kujenga hadi katikati. Walikuwa na chokaa, mafundi na fedha. Kuacha wazi kulihitaji wakubaliane, na makubaliano hayo yadumu baada ya wao kufa. Nilipokuwa nimesimama pale, upepo ukipita kutoka upande wa mikoko na mdogo wangu akiwa bado amechuchumaa karibu na kaburi, nilitambua kwamba kati ya vyote walivyovijenga kwa utajiri ule, dari zimeanguka, milango imeoza, kuta zinanyofolewa na bahari na mizizi kiasi kwamba kwa miaka kumi, 2004 hadi 2014, magofu yale yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Uwanja haukuhitaji kukarabatiwa. Uko vilevile.

Wakati wa kurudi maji yalikuwa yanatoka, na nahodha alikuwa na haraka. Mdogo wangu hakuzungumza hadi tulipoiacha mikoko nyuma. Kisha akamuuliza nahodha swali, na swali lake halikuhusu dhahabu: rundo la kuni la kuchomea chokaa linapangwaje, na linawaka kwa muda gani? Nahodha alimweleza njia yote hadi Masoko, kwa mikono, usukani akiwa ameubana kwa kiwiko.

Nimechora ramani ya mji ule kwa mkono. Hatua alihesabu mdogo wangu, mimi niliandika. Imebandikwa hapo ukutani, karibu na dirisha. Nyumba nimezipaka kahawia, misikiti buluu, ukuta wa mji mweusi. Makaburi ni alama ndogo za penseli, lazima usogee ndipo uyaone. Katikati nimepaacha karatasi tupu, na juzi mjukuu wangu aliniuliza kama rangi iliniishia. Sogeeni mwitazame. Daftari liko mezani, na kalamu ipo.